Mstari Ulionyooka

Fundi alilazwa kwa sababu ya damu. Kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, mahali mtoto anapotakiwa kupita, na daktari alimweleza kwa maneno machache: alale, asiiname, asibebe kitu, na akiona damu tena, hata tone, aite haraka. Kitanda na choo, basi. Mwanamke aliyezoea kukanyaga cherehani tangu asubuhi mpaka jioni aliambiwa sasa miguu yake ni pambo.

Mimba hii ilikuwa ya tatu. Mbili za kwanza zilitoka mapema, na hapo ndipo kidonda kilipokuwa, kwa sababu nusu ya watoto wa mtaani kwao walipokelewa duniani na nguo za mkono wake. Vigauni, vikofia, mashuka madogo yenye pindo la lesi. Akina mama walipita dukani na matumbo yao mbele, wakachagua vitambaa na kucheka, naye akawapima huku pini ziko mdomoni. Pini ni kitu kizuri sana mdomoni. Mtu akiuliza, "Na wewe je, lini?" huwezi kumjibu, na yeye anaona kabisa kwamba huwezi.

Alikuwa anaona aibu. Tuliseme wazi, maana yeye mwenyewe hakuwahi kulisema, hata kwa mumewe. Aliuonea aibu mwili wake, kama mtu anavyomwonea aibu ndugu mlevi, na dawa aliyoipata ilikuwa kushona vizuri kuliko watu wote. Mteja akimletea nguo iliyoshonwa kwingine, aliigeuza ndani nje, akaguna, na kabla mwenye nguo hajakaa ameshaanza kuifumua. Wanafunzi wake walimjua. Ukiacha kazi yako mezani ukaenda kunywa maji, unarudi unaikuta imefumuliwa na kushonwa upya, imenyooka, na yeye hasemi neno. Ndivyo alivyofundishwa, na ndivyo alivyofundisha.

Chumba kilikuwa na vitanda viwili. Cha pili alilala Dereva. Huyu aliendesha lori la maji, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kugombana na injini. Presha ilimpanda katikati ya mimba ikakataa kushuka, akanyang'anywa usukani, akaletwa kulala.

"Mimi na wewe, shoga," alimwambia Fundi siku ya kwanza, "mmoja anavuja, mwingine anachemka. Tungekuwa magari wangeshatuuza vyuma chakavu."

Fundi alicheka mpaka akaogopa kucheka, akashika tumbo.

Lakini utani wa Dereva ulikuwa na saa zake. Wageni wakiondoka na korido ikinyamaza, alilala chali, mikono juu ya tumbo, macho juu, anasikiliza. Ukimsemesha wakati ule hakusikii. Mtoto wake alikuwa mdogo kuliko umri wake, na mama yake alijua.

Kila siku baada ya chakula cha mchana aliingia mkunga wa wodi, mama mnene mwenye viatu visivyo na sauti, amebeba beseni la plastiki. Ndani kulikuwa na vipande vya vitambaa, nyuzi, sindano, karatasi, rangi za nta na udongo wa kufinyanga.

"Dawa zinashusha presha," aliwaambia, "halafu woga unaipandisha tena, na mimi sina sindano ya woga. Nina beseni. Moyo ukienda mbio, mikono ipewe kazi. Chora, finyanga, shona, shauri yako. Humu hakuna kizuri wala kibaya. Ila sheria ni moja: kazi ya mwenzako haiguswi."

"Sista, mimi fundi mzima nikachezee vitambaa kama mtoto wa chekechea?" alisema Fundi.

Alisema hivyo, lakini sababu ilikuwa nyingine. Mimba ya pili ilipofika mahali pa kuitumaini alimshonea mtoto shati dogo, jeupe, na lile shati bado liko kwenye droo ya chini dukani, chini ya zipu. Hakutaka tena kushona kitu cha mtu ambaye huenda asije. Kwa hiyo beseni likifika kwake alipanga vipande vya vitambaa kwa ukubwa, akavirudisha, akasema amemaliza.

Dereva alichagua kitambaa cha manjano, kikubwa cha kutosha kumfunika mtoto, na uzi mwekundu. Sindano aliishika kama spana. Mshono mmoja mrefu, unaofuata mfupi, mwingine umeelekea juu unakwenda kwao. Fundi alitazama kwa pembe ya jicho, meno yakaingia ganzi.

"Dereva, hiyo ni bandi ya kushikizia tu au ni mshono?"

"Hiyo ni barabara. Huoni mashimo?"

"Nikufundishe?"

"Nifundishe kuzaa, shoga. Kushona niache hivi hivi."

Alisema kwa mzaha na hakuwa na nia mbaya, lakini mzaha mzaha hutumbua usaha. Fundi aligeukia upande wa pili akajifanya analala. Nifundishe kuzaa. Yeye!

Jambo lingine lilimkera. Dereva hakushona wakati wa beseni tu, alishona mchana kutwa. Na alishona vibaya hata kwa namna yake: ananyanyua sindano, anasimama, anatazama ukuta muda mrefu kama aliyesahau anakoenda, kisha ghafla, chwap, anachoma. Halafu anasubiri tena. Fundi alihesabu huo kuwa uvivu.

Siku Dereva alipopelekwa ultrasaundi, mama wa usafi aliingia kudeki. Alitandika kitanda cha Dereva, akakuta kile kitambaa juu ya shuka, akakiweka kwenye meza ndogo iliyokuwa katikati ya vitanda viwili, akaendelea na ndoo yake. Nyuma yake tu akaingia mamamkwe wa Fundi na chupa ya chai.

Mamamkwe hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kusema. Alimimina chai, akauliza habari za damu, akaambiwa imekata, akashukuru. Kisha jicho lake likaangukia mezani. Alikiokota kitambaa, akakikunjua, akapitisha kidole juu ya ile mistari myekundu iliyokuwa inayumba.

"Hii ndiyo kazi yako siku hizi?"

Fundi alifungua mdomo. Maneno yalikuwa mawili tu, si yangu, na hata mtoto angeyasema. Lakini mamamkwe alishatikisa kichwa, na sauti yake haikuwa na ukali, ilikuwa na huzuni, na huzuni hiyo ndiyo iliyoingia ndani.

"Basi, mwanangu. Tumbo halishiki, na mkono nao umeacha kushika."

Akakikunja, akakirudisha, akaaga.

Fundi alibaki amekaa na kikombe mkononi. Masikio yalimwaka moto. Alikitazama kile kitambaa, naye alihisi kinamtazama. Ndipo akaingiza mkono kwenye mkoba wake, akatoa mkasi mdogo asioachana nao, akaanza kufumua.

Alianza na mstari wa chini kabisa, wa mwisho, maana ndio uliopinda kuliko yote. Alikata, akachomoa, akakusanya vijiuzi kwenye kiganja kama kawaida yake, maana fundi wa kweli haangushi uzi sakafuni. Akatunga uzi mpya kwenye sindano. Mkono ulikumbuka kila kitu. Mshono, mshono, mshono, yote sawa, yamenyooka bila rula. Kwa mara ya kwanza tangu alazwe hakufikiria damu. Alijiambia ni zawadi. Dereva atafurahi. Atafanya mistari yote, mmoja baada ya mwingine, na Dereva atakuwa na kitu cha kumfunikia mwanawe bila kuaibika mbele za watu. Hivyo alijiambia, na alikaribia kujiamini.

Alikuwa amemaliza ule mmoja aliposikia magurudumu ya kiti koridoni. Akaweka kitambaa mezani, vijiuzi akavisukuma chini ya mto.

Dereva aliingia akisukumwa na mkunga. Hakuwa na utani. Kabla hata hajapanda kitandani alinyoosha mkono mezani.

"Daktari anauliza wiki hii anacheza kama wiki iliyopita au amepungua," alisema, akimwambia mkunga, na pumzi yake ilikuwa fupi. "Nikamwambia asubiri, nimeshona. Nataka niangalie vizuri nisije nikamdanganya."

Alitandaza kitambaa juu ya mapaja. Alikitazama. Akakigeuza, akakigeuza tena.

"Mstari wangu uko wapi?"

Akakipapasa pindo lote la chini.

"Sista, mstari wangu wa wiki hii uko wapi? Huu si wangu." Kidole chake kilikuwa kinapita na kurudi juu ya ule ulionyooka. "Kila wiki mstari mmoja, na kila akinigonga nachoma. Akigonga kwa nguvu, mrefu. Akigonga kidogo, mfupi. Wewe si nilikwambia, Sista? Wengine sikuwaambia, wangenicheka. Nikiogopa napapasa, naona alikuwepo, nalala. Sasa huyu ni nani huyu? Mtoto gani anagonga sawasawa hivi? Huyu si mwanangu!"

Alikuwa analia kwa sauti ile ile ya kugombana na injini. Mkunga alimlaza, akaweka chombo tumboni, akamsikilizisha mapigo. Yalikuwepo, ya mbio mbio.

"Yapo sasa," alisema Dereva. "Na juzi? Amepungua au hajapungua? Sikumbuki, Sista. Sikuweka kichwani, niliweka pale."

Fundi alikuwa amelala kwenye kitanda chake, hatua chache tu kutoka pale, na kila neno lilimfikia. Sasa alielewa kule kusimama, kule kutazama ukuta. Alielewa kila kitu kwa mara moja, na hakusema. Alijiambia ngoja presha ipimwe kwanza. Presha ikapimwa, ilikuwa imepanda sana. Alijiambia ngoja daktari aondoke. Daktari akaja, akaongeza dawa, akasema isiposhuka mpaka kesho watamtoa mtoto kwa upasuaji, na kwamba bado ni mdogo mno, kila siku anayobaki ndani ni faida. Daktari akaondoka. Fundi bado alikuwa kimya.

"Ni yule wa usafi," alisema Dereva. "Niliacha kitambaa kitandani, nimekikuta mezani. Ndiye aliyekigusa."

Mama wa usafi akaitwa. Alisimama mlangoni anakamua tambara ambalo halikuwa na maji. Msimamizi wake alikuwa nyuma yake, mikono kifuani, uso wa mtu anayetafuta wa kumfukuza.

"Nilikisogeza tu, mwanangu," alisema. "Kushona sijui. Hata kutunga uzi siwezi, macho yamekwisha."

"Basi kimejishona chenyewe?" aliuliza msimamizi.

Mkunga alikuwa amekiokota kitambaa na kukipeleka kwenye mwanga wa dirisha, akautazama ule mstari, mshono kwa mshono. Kisha akainua macho akamtazama Fundi. Hakumkazia. Alimtazama tu, akarudi kutazama kitambaa, na Fundi akajua kwamba mkono wake unasomeka kama uso.

Alitamani kitanda kimmeze. Mama wa usafi alikuwa na umri wa mama yake, na alikuwa amesimama pale anaapa kwa watoto wake. Fundi aliingiza mkono chini ya mto, akautoa, akakunjua kiganja. Vijiuzi vyekundu vilikuwa vimeloa jasho.

"Ni mimi," alisema. "Mwacheni mama wa watu. Ni mimi niliyefumua."

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Fundi aliufunua wa kwake mbele ya watu wanne, na haukumpa wepesi wowote. Mama wa usafi alifuta macho kwa kiwiko akaondoka bila kumtazama, msimamizi nyuma yake. Dereva alimtazama muda mrefu.

"Nilitaka kukusaidia," alisema Fundi.

"Hukutaka kunisaidia. Ulitaka kunyoosha."

Akageukia ukuta.

Mchana ule ulikuwa mrefu. Mkunga alimpa Dereva dawa, akampa na sindano yenye uzi, akamwambia aanze mstari mwingine, chini ya ule. Lakini dawa ilimtia ukungu machoni, akajichoma kidole, akaitupa sindano kwenye shuka. Fundi aliyaona yote. Hakuthubutu hata kukohoa. Alijifikiria jinsi alivyo: mtu ambaye hajaweza kumbeba mtoto wa kwake, sasa anakaribia kumtoa wa mwenzake. Alilia bila sauti, na machozi yalimwingia masikioni kwa sababu alikuwa amelala chali.

Jua lilipoanza kuhama dirishani, Dereva alisema, uso bado ukutani, "Sista. Nisogezee kitanda cha huyo."

Mkunga alifungua breki za magurudumu, akasukuma kitanda cha Fundi mpaka vyuma vikagongana. Dereva aligeuka. Macho yake yalikuwa yamevimba. Aliushika mkono wa kushoto wa Fundi, akauweka juu ya tumbo lake, na wa kulia akaupa sindano.

"Mimi sioni, wewe unaona. Nikisema sasa, unachoma. Kubwa, kubwa. Ndogo, ndogo. Ukikuta umepinda, unauacha. Ukinyoosha, nakutupa dirishani, wewe na kondo lako."

"Sawa."

"Na usinisemeshe."

Walisubiri. Fundi hakuwahi kushika sindano bila kushona muda mrefu namna ile. Tumbo lilikuwa gumu, la moto, na halikusema kitu. Mkunga alivuta kiti akakaa. Nje gari la wagonjwa liliingia likazima. Bado kimya. Fundi aliomba, wala hakujiombea yeye. Aliomba mtoto yule agonge, agonge tu, hata kama ni kwa hasira.

Kitu kikasukuma chini ya kiganja chake.

"Sasa," alisema Dereva.

Fundi akachoma. Mkono wake wa miaka yote ulitaka kwenda sawa, akaulazimisha, akavuta mshono mrefu uliopanda juu. Wakangoja. Kikagusa tena, kidogo, kama mtu anayebisha hodi kwa kidole kimoja. "Sasa." Mfupi. Halafu mwingine mfupi. Halafu teke la kweli ambalo Fundi aliliona kwa macho, shuka likainuka, na Dereva akasema sasa huku anacheka na kulia pamoja. Mpaka taa zinawashwa kulikuwa na kipande cha mstari pale chini, kimepinda, kinachechemea, na fundi yeyote angekionea haya. Fundi alikipapasa kwa kidole.

Asubuhi presha ilikuwa imeshuka kiasi. "Ni dawa au ni uzi?" aliuliza Dereva.

"Sijui, na siulizi," alisema mkunga. "Endeleeni na vyote viwili."

Walishona hivyo siku nyingi, kitanda kwa kitanda. Msamaha Dereva hakuutamka. Utani ulirudi, lakini si wote. Mara moja Fundi aliomba kuufumua ule mstari wake.

"Ufumue uweke nini?" alisema Dereva. "Wewe unajua alivyogonga wiki ile?"

Fundi hakujua.

"Basi uache."

Fundi aliuacha. Lakini kesho yake mchana, beseni lilipofika kwake, hakupanga vitambaa. Alichukua kimoja cha kijani, akatunga uzi, akaweka mkono juu ya tumbo lake mwenyewe, akangoja. Aliogopa sana. Kisha akachoma.

Dereva alijifungua kwa upasuaji, baadaye kuliko walivyohofia, mapema kuliko walivyotaka. Mtoto alikuwa mdogo, lakini sauti aliirithi yote. Siku ya kuruhusiwa, Dereva alikuja chumbani taratibu, mkono mmoja kwenye mshono wake wa tumboni, amembeba mtoto ndani ya kile kitambaa cha manjano. Alimkuta mamamkwe wa Fundi ameketi na chupa yake ya chai.

Mamamkwe alimpokea mtoto, akamsifia pua, kisha akashika pembe ya kitambaa. Alitazama mistari iliyoyumba, akabana midomo kwa adabu. Kidole chake kikashuka, kikashuka, kikasimama.

"Eeh! Hapa sasa," alisema. "Hapa pameshikwa na fundi. Nani huyu?"

"Ni mkweo huyo," alisema Dereva.

Mamamkwe aligeuka. Macho yake yalikuwa yamelowa. "Nilijua, mwanangu. Mkono wako haujaharibika. Siku ile nilisema vibaya, nisamehe. Ona ulivyonyoosha!"

Fundi alikuwa amengoja miaka kusikia maneno hayo kutoka kwa mdomo ule, na sasa yalimchoma. Dereva alikuwa anamtazama, hamsaidii. Uso wa Fundi uliwaka mpaka shingoni.

"Mama," alisema, "hapo ndipo nilipoharibu."

"Pameharibika nini? Mbona pamenyooka?"

"Ndiyo. Pamenyooka."

Aliingiza mkono chini ya shuka, akatoa kitambaa chake cha kijani, kimepinda tangu mwanzo mpaka mwisho, na sindano bado imening'inia mahali mtoto alipogonga mara ya mwisho. Akakiweka kwenye mapaja ya mamamkwe.

"Hiki ndicho changu," alisema, akangoja kusemwa.